Risasi Zote Chini Kushoto

Jumapili, 9 Novemba 2025. Riyadh

Leo nimezaliwa upya. Mimi Elphas, dereva wa familia, mtu wa kupeleka watoto shule na kumngoja madam nje ya maduka ya Olaya mpaka kiti kinichore mgongoni, sasa ni mwanamichezo. Wa bastola!

Ilivyokuwa ni hivi. Baba Mishal, kafili wetu, yaani mwajiri aliyetuleta huku, ana wazimu mpya. Mwaka juzi walikuwa ngamia. Mwaka jana ndege wa kuwinda. Mwaka huu ni bastola ya mashindano. Si ile ya kusimama tuli na kulenga duara. Hii unakimbia kutoka alama hadi alama, unapiga vibao vya kadibodi, na saa inakuhesabia. Klabu yake iko nje ya mji, ukishapita maghala ya Al-Sulay. Tarehe 22 kuna shindano la kirafiki Jeddah. Kila mwanachama aende na mwanagenzi mmoja kutoka kwake nyumbani, na alama zao zijumlishwe.

Basi asubuhi akatuita, mimi na Griffins, dereva mwenzangu. Akasema tutafunzwa kwa wiki moja, kisha atampeleka Jeddah aliye bora. Nikatabasamu kwa heshima. Halafu akaongeza neno lililonifanya nishike mlango wa gari. Atakayeenda Jeddah ndiye atakayepewa likizo Desemba. Mwingine atabaki kumwendesha madam mpaka Machi.

Desemba! Ivy wangu ana mwaka mmoja na miezi minne na sijawahi kumbeba. Metrine, mama yake, aliniambia juzi kwamba mtu akimwuliza mtoto baba yuko wapi, anaenda kuleta simu.

Kwa hivyo Griffins lazima ashindwe. Simchukii. Ni mtu wa Ahero, mpole, hupiga pasi hata soksi. Ila ashindwe tu.

Nimemwambia Baba kwamba bastola si jambo geni kwangu. Si uongo. Nimeona filamu nyingi sana.


Jumatatu, 10 Novemba

Somo la kwanza. Kocha ni Kapteni Saad, mwanajeshi mstaafu mwenye masharubu yaliyonyooka kama rula. Bastola ni za klabu, zinafungiwa kwenye kabati la chuma, na hakuna anayegusa moja bila yeye kuwapo.

Masaa mawili! Risasi hata moja hatukupiga. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umelenga. Mtutu uelekee kwenye tuta la mchanga wakati wote. Usigeuke nao nyuma. Alilirudia hilo la kugeuka mara nyingi hadi nikaanza kuhesabu vifungo vya shati lake. Nikauliza lini tutafika kwenye somo lenyewe. Akasema ndilo hili.

Mwishowe nikapewa bastola tupu niishike. Nikauinua mtutu na kuupuliza. Sijui kwa nini! Mkono ulienda wenyewe. Kapteni akaichukua bastola kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Mafi sinema," akasema. "Hapa hakuna sinema."

Nikatumwa kivulini kwa dakika kumi, nikapewa na boksi la juisi. Griffins akaendelea. Kila analoambiwa anaandika kwenye kijitabu. Mtu mzima na kijitabu! Watu wengine wanapenda kujionyesha.


Jumatano, 12 Novemba

Leo tumepiga risasi za kweli. Mungu wangu, kelele ile!

Kadibodi ina umbo la mtu na katikati kuna eneo la alama tano. Umbali ni hatua saba tu. Hata nikirusha kiatu nitalipiga. Nikapiga risasi kumi. Kapteni akaniita tukatazame. Katikati palikuwa safi kabisa, ungeweza kupaandikia barua. Risasi zangu zote zilikuwa chini kushoto, zingine nje ya kadibodi, zimerundikana kama watu wanaongoja basi la Batha.

Nikamwambia bastola imepinda. Akaichukua, akapiga tano, zote katikati. Nikamwambia labda inawazoea watu. Akajaza magazini akinificha, akachanganya humo risasi za plastiki zisizolipuka, akaniambia nipige tena. Ya kwanza, pa! Ya pili, tik. Hakukuwa na mlipuko, ila mkono wangu uliinama wenyewe mpaka mtutu ukatazama miguu ya meza. Nilikuwa kama mtu anayemsalimia mama mkwe.

Kapteni akanieleza. Naogopa mshtuko kabla haujaja. Naubana mkono ili nishindane nao, na hapo risasi inaenda chini kushoto. Dawa yake ni kubana kifyatulio polepole na kuangalia kile kinundu cha mbele cha bastola, si kadibodi, wala si tundu. Akasema siogopi adui, naogopa sauti.

Griffins? Kumi kwa kumi ndani ya kadibodi, sita katikati. Halafu akaniambia kwa upole kwamba hata yeye mwanzoni alisikia woga. Sikumwomba anifariji.


Alhamisi, 13 Novemba

Nina mpango! Kapteni alisema shujaa hufanya mazoezi nyumbani bila risasi. Anaweka sarafu juu ya mtutu na kubana kifyatulio bila sarafu kuanguka. Nyumbani hatuna bastola, na hata ingekuwapo nisingekubaliwa kuigusa. Nikakaa chooni nikiwaza. Na hapo ndipo macho yangu yakatua juu ya shatafa.

Shatafa! Bomba la kujisafishia, linaning'inia ukutani kando yangu. Lina mpini na lina kitufe cha kubana kwa kidole. Uzito si haba. Nikafunga maji, nikakifungua kichwa chake kwa spana, nikakichomeka kwenye mshipi kiunoni. Kwa saa nzima nimekuwa nikikichomoa mbele ya kioo, nikilenga, nikibana. Sarafu ikaanguka mara thelathini. Kisha mara ishirini. Kisha mara saba! Nilisikia kabisa mkono ukitulia.

Jambo moja nilisahau. Griffins alirudi kutoka shuleni amebanwa, akaingia chooni, akaona maji yamefungwa, akayafungua. Bomba halina kichwa. Kilichofuata sikukiona, nilikisikia. Alitoka amelowa kuanzia ukosini, na yale maji yakapita chini ya mlango hadi kwenye zulia la ukumbini, ambako madam alikuwa na wageni wa chai.

Madam akauliza nani. Nilikuwa nimesimama pale na shatafa kiunoni.

Jioni nikatumwa soko la Batha kununua bomba zima jipya, kwa sababu katika kulirudisha lile nilivunja shingo yake. Rispah, mpishi wetu, amecheka mpaka akaketi kwenye gunia la mchele. Anasema amewahi kuona watu wakitembea na silaha za kila aina, lakini ile hajawahi.


Jumamosi, 15 Novemba

Nimegundua siri ya mchezo. Alama hugawanywa kwa sekunde. Kugawanya! Kwa nini nimekuwa nikihangaika na kulenga? Ukiwa mwepesi kupita kiasi, hata alama chache zinakuwa nyingi. Nilipata B ya hesabu, si bure.

Kapteni alipanga vibao sita, na viwili vyeupe katikati yake. Vyeupe ni watu wasio na hatia, hawaguswi. Saa ikalia. Nikaondoka kama mbuzi aliyekata kamba. Sekunde nane! Griffins alichukua kumi na tisa, akisimama kila mahali kama anayengoja risiti.

Tukaenda kuhesabu. Mapigo mawili. Saba hayakuonekana popote, na kila linalokosekana linakula alama zako. Na wale wasio na hatia, mmoja nilikuwa nimempiga mara tatu. Kapteni akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Huyu alikukosea nini?" akaniuliza.

Jumla yangu ilikuwa chini ya sifuri, ila kwa huruma ya mchezo huu haiandikwi chini ya sifuri. Inaandikwa sifuri. Kwa hivyo kwa upande fulani niliongezewa.

Kapteni akanishika bega. Akaniambia niache kukimbia ndani ya kichwa. Nikimbie kwa miguu, nikifika nitulie, nione kile kinundu, nibane. Kasi itakuja yenyewe kama mgeni, siwezi kumvuta kwa mkono. Nilijaribu mara moja kama alivyosema. Mbili katikati. Nilishtuka hadi nikaomba msamaha.

Kesho kutwa ni siku ya kuchaguliwa. Griffins ananipita kwa kila kitu. Nimewaza sana. Nimepata.


Jumatatu, 17 Novemba

Mpango ulikuwa kahawa. Kahawa kali hutetemesha mikono. Nilimwomba Rispah atengeneze gahwa nzito kuliko ya arusi, nikaibeba klabuni kwenye chupa, nikatandika vikombe kivulini kama mtu mkarimu. Nikamkaribisha Griffins kwanza. Akasema asante ndugu yangu, kahawa humchoma tumbo.

Humchoma tumbo! Tumeishi chumba kimoja miaka miwili, sikujua.

Wakati huohuo Baba Mishal akatokea, akaona chupa, akafurahi kweli. Akaniketisha kando yake, akanimiminia kwa mkono wake mwenyewe. Kafili wako akikumiminia huwezi kukataa. Nilikunywa. Akamimina. Hapa ukitosheka unatikisa kikombe. Nilikitikisa! Lakini Baba alikuwa akisimulia namna alivyonunua ngamia mmoja mgonjwa huko Qassim, na macho yake yalikuwa mbali. Vikombe kumi na kimoja. Niliposimama niliweza kuona sauti.

Nikaitwa wa kwanza. Vibao sita, risasi mbili kila kimoja. Bastola ilikuwa ikicheza mikononi mwangu kama samaki. Lakini nilisema moyoni: kinundu, Elphas, kinundu tu. Nane ziliingia, nne zikapotea. Nikajua halas, basi, Desemba imekwenda. Nikaona wazi Metrine akimwambia mtoto tungoje tena.

Griffins akafuata. Vibao vitatu vya kwanza, vyote katikati. Mtu yule alikuwa akifuma! Halafu akasimama kidogo, akanitazama kwa pembe ya jicho, na risasi sita za mwisho zikaenda zote mchangani. Sita! Hata kadibodi haikuguswa.

Kapteni Saad alimtazama Griffins, akautazama mchanga, akaandika. Baba akanipa mkono. Nitaenda Jeddah! Nitaenda nyumbani! Nimempigia Metrine, akapiga vigelegele hadi jirani akaja.

Nadhani kilichomwangusha Griffins ni shinikizo. Alipoona nimetulia vile, akapagawa. Kahawa haikufika kwake lakini labda harufu.


Ijumaa, 21 Novemba. Jeddah

Jana niliendesha gari tangu alfajiri, Baba akisinzia nyuma. Jeddah ni joto la mvuke, shati limenigandama kama plasta. Leo alasiri tumeruhusiwa kutembea kwenye vituo vitatu vya kesho bila silaha. Kila mtu anatembea ameinua vidole, anahesabu vibao, anapanga atakapobadilisha magazini. Wanaume wazima, mmoja daktari, wananong'ona na kulenga hewa! Nikajisikia nyumbani.

Nimemtafuta mshindani mwenye fulana yenye nembo nyingi kuliko wote, nikamfuata nyuma hatua kwa hatua, nikiiga miguu yake. Alipogeuka kushoto nikageuka. Alipochuchumaa nikachuchumaa. Alipoingia chooni nikakumbuka kwamba kituo cha tatu kilikuwa kimeisha kitambo.


Jumamosi, 22 Novemba. Jeddah

Nitaandika kama ilivyotokea, nisije baadaye nikajidanganya.

Kituo cha kwanza. Mlio. Nikafika kwenye alama, nikatulia, nikaona kinundu. Nikabana. Nikasogea. Nikabana. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa nikifikiri jinsi ninavyoonekana. Nane kwa nane, tano katikati. Baba alipiga kofi moja, kubwa. Ikiwa nitakufa leo, niliwahi kukipiga kile kituo.

Kituo cha pili. Nikafyatua, tik. Nikafyatua tena, tik. Nikaitazama bastola kwa hasira, nikafyatua tena. Mwamuzi akakohoa. Risasi zilikuwa zimeisha, na magazini mbili zilizojaa zilikuwa kiunoni. Nilipozikumbuka, sekunde kumi na moja zilikuwa zimepita. Hata hivyo, kwa sababu Baba alikuwa akipiga vizuri, tulikuwa wa tatu kati ya jozi kumi na nne. Wa tatu!

Kituo cha tatu. Kila kitu kikaenda. Nilibadilisha magazini nikikimbia, kama mtu wa kwenye video. Kibao cha mwisho, mbili katikati. Nikasikia furaha inapanda kutoka kwenye soksi. Nikageuka kumtazama Baba, kuona kama ameona.

Nikageuka nayo.

"Waggif! Simama!" Mwamuzi alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Watu wote waliokuwa nyuma yangu walikuwa wamelala chini. Yule daktari. Wazee wawili wenye kanzu nyeupe. Baba Mishal mwenyewe, magoti mchangani, ghutra imemvuka kichwani. Kidole changu kilikuwa nje ya kifyatulio, na risasi zilikuwa zimebaki tatu.

Mwamuzi alinishika mkono, akaugeuza kuelekea kwenye tuta, akaitoa magazini, akaitoa risasi. Polepole. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nimeondolewa, na kwamba mwenzangu naye hana tena jozi.

Nimekaa nyuma ya gari. Sina utani wa kuandika hapa.


Jumapili, 23 Novemba. Riyadh

Njia ya kurudi Baba alikaa nyuma, macho dirishani. Tulipita Taif. Tukaingia jangwani. Nilikuwa nimekwisha kupanga namna ya kumwambia Metrine.

Kwenye kituo kimoja cha mafuta akashuka mwenyewe, akarudi na chai mbili za maziwa, akaketi mbele kando yangu. Hajawahi kukaa mbele.

"Nyuma yako walikuwepo watu ishirini," akasema. "Kila mmoja ana mtu nyumbani."

Nikasema ndiyo, Baba.

"Ungempiga mmoja, ungefanya nini?"

Nikasema sijui, Baba.

Akanywa chai. Kisha akaniuliza kama najua kwa nini madam haji klabuni. Sikujua. Akasema kwenye shindano lake la kwanza yeye mwenyewe aligeuka ili ampungie madam mkono. Kwa mkono uleule uliokuwa na bastola. Madam alilala kifudifudi na abaya mpya, na tangu siku ile hajakanyaga pale. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Nami nikacheka, kwa tahadhari.

Nikamwuliza kuhusu Desemba. Akasema hakuwahi kutamka atakayeshinda Jeddah. Alisema atakayeenda Jeddah. Nimekwenda, halas. Ila bastola nisiishike tena mpaka Kapteni Saad anifunze upya tangu somo la kwanza, na safari hii nisikilize.

Nimeapa. Kuanzia leo, hakuna mipango. Hakuna ujanja. Mtu wa kufuata maagizo.


Jumatatu, 24 Novemba

Rispah alikuwa akikata vitunguu jikoni. Nilikuwa nikimsimulia kituo cha kwanza, kwa mara ya tatu, na jinsi nilivyomzidi Griffins kwa utulivu siku ile ya kuchaguliwa.

"Baba Ivy," akasema, "unaamini kweli ulimshinda Griffins?"

Nikamwambia alama zimeandikwa.

Akaweka kisu chini. Akasema Griffins mwenyewe alimwambia alipiga mchangani kwa kusudi. Alimsikia Metrine kwenye simu yangu akisimulia habari ya mtoto na simu. Yeye alikuwa Ahero Desemba iliyopita, akasema zamu hii iwe yangu. Ameshamwambia mkewe, Velma, angoje Machi. Velma alilia. Na Kapteni alijua tangu risasi ya kwanza ya mchangani.

Nilisimama pale na kipande cha karoti mdomoni. Risasi sita mchangani. Na mimi nimekuwa nikimweleza kila jioni kasoro za mshiko wake, naye ananiitikia asante.

Nikaenda nje. Griffins alikuwa akiosha gari la madam. Nikachukua kitambaa kingine, nikaosha upande wa pili. Nilitaka kumwambia jambo kubwa. Mwishowe nikamwambia pale kwenye taa amebakisha sabuni. Akasema asante. Nikamwambia, "Griffins, ndugu yangu, wewe ni mtu." Akaniuliza kama nina homa.

Haiwezekani niende peke yangu. Haiwezekani! Mtu kama yule akae hapa mpaka Machi, Velma akilia? Nimezunguka bustani mara nne. Shida ni moja tu, madam hawezi kukosa dereva. Basi awe na dereva! Jibu lilikuwa jikoni siku zote, linakata vitunguu. Siku hizi wanawake wanaendesha magari Riyadh nzima.

Saa kumi na moja nilimwendea madam. Nikamwambia kwamba sote wawili, mimi na Griffins, tukienda Desemba hakutaharibika kitu, kwa sababu Rispah aliendesha lori la majani chai huko Kisii kwa miaka sita, bila mkwaruzo hata mmoja. Akashangaa mbona hajawahi kusema. Nikamwambia ni mtu mnyenyekevu. Akauliza leseni. Nikamwambia iko njiani.

Madam amefurahi kuliko nilivyotarajia. Anasema mwanamke mwenzake ni bora zaidi, na kesho saa mbili asubuhi Rispah ampeleke Olaya, wakipitia barabara kuu.

Rispah hajawahi kuendesha hata baiskeli. Lakini hilo ni dogo, usukani nitamwonyesha baada ya sala ya alfajiri, una mambo machache tu. Kwanza nitafute namna nzuri ya kumwambia.